Mnaongeaje na watu wanaoogopa bunduki bila kugombana?

mwinda_kimya: Wakuu habari. Mimi namiliki bastola kihalali kabisa, leseni ninayo na mafunzo nilipitia. Shida yangu ni moja, nikigusia tu hii mada mbele ya watu wasiopenda silaha stori inakufa hapo hapo, mtu anakuangalia kama vile jana umetoka kuua. Nimewapa takwimu, nimewaelezea sefti, kile kizuizi cha kufyatua, inavyofanya kazi, wapi. Hasa akina mama ndio kabisaaa, hawasikii. Nyie mnaongeaje nao?

zuhura_hoja: "Hasa akina mama." Nimesoma mpaka hapo nikachoka. Unauliza namna ya kuongea na watu na hata hujamaliza swali umeshatukana nusu yao 😂

mkavu: Dada naye, katukana wapi sasa? Wife wangu akiona hata ile ya plastiki ya watoto anapiga kelele.

zuhura_hoja: Hongera kwa kumtangaza mkeo. Mimi nimepiga shabaha, teke la risasi ya .22 na ya 9mm nalijua kwa mikono yangu, na bado sitaki bastola kwenye nyumba ninayolala. Nimeamua hivyo, sijazimia.

fundi_redio: Turudi kwenye mada jamani. Kuogopa bunduki ni kutojua hesabu tu. Gari linaua watu wengi zaidi na kila siku mnapanda, na watoto mnawapakia humo humo.

mtu_wa_hesabu: Hiyo ya gari imepitwa mkuu. Marekani kwenyewe mwaka 2021 bunduki zimeondoka na watu zaidi ya elfu 48, ajali za barabarani zilikuwa chini ya hapo. Na kati ya hao zaidi ya nusu ni waliojiua wenyewe, wala sio mambo ya majambazi. Ndio maana mtu mwenye woga ukimwambia "wakituvamia nitakulinda" haimuingii, yeye hamuwazi mvamizi, anakuwaza wewe siku umevurugwa au kijana wa humo ndani siku amekata tamaa. Muulize anaogopa nini hasa halafu nyamaza umsikilize, mwonyeshe unavyoifungia. Sefti sijui imefanyaje hajakuuliza.

fundi_redio: Marekani, Marekani, mbona Uswisi hamuitaji? Kule kila nyumba ina bunduki ya jeshi na watu wamelala usingizi.

mtu_wa_hesabu: Kila nyumba? Wanaokaa nazo ni askari wa akiba, na zile risasi walizokuwa wanapewa kwenye kopo lililozibwa serikali iliacha kuwapa tangu 2007 hivi. Bunduki nyumbani, risasi hamna.

mwinda_kimya: Mbona mnanifanya kama mimi mtu wa kukurupuka? Mguu wa kuku wangu uko kwenye droo ya kitanda, magazini, kile kibebeo cha risasi, nimechomoa nimeiweka pembeni, mtu yeyote akiishika ni chuma tupu.

zuhura_hoja: Na chemba?

mwinda_kimya: Chemba imefanyaje

zuhura_hoja: Yarabi. Ukichomoa magazini, risasi iliyokwisha kuingia chemba, pale nyuma ya mtutu, haitoki nayo, inabaki humo, na bastola nyingi tu zinafyatua hata magazini haipo. Unavuta slaidi, kile kipande cha juu, nyuma, unachungulia, unapapasa na kidole. Somo la siku ya kwanza hilo! Halafu ati mafunzo ulipitia, na droo haina kufuli.

mkavu: Kwa hiyo aifungie kwenye sefu, mwizi akiingia amwombe asubiri kidogo natafuta ufunguo 😂😂

zuhura_hoja: Kuna sefu za kubonyeza namba, unafungua gizani. Ila wewe endelea kumcheka mkeo.

mkavu: Mke wangu umtoe kwenye mada!

zuhura_hoja: Kamwingiza nani?

babu_msasi: Vijana mna kelele. Nimeshika bunduki hamjazaliwa. Haikokiwi ndani ya nyumba, haielekezwi kwa mtu hata ikiwa tupu, na kidole hakigusi kifyatulio mpaka umeshaamua kupiga. Basi.

mkavu: Shikamoo babu, ila enzi zenu si mlikuwa na magobore, unashindilia baruti hadi swala anakuja kuuliza bado tu?

babu_msasi: Marahaba. Gobore lina adabu kukuzidi, risasi moja na lazima uwe umeamua.

fundi_redio: Gobore nalo silaha? Baruti ikilowa umebaki na mchi.

babu_msasi: Aliyekwambia tunailowesha nani? Mvua ikija unafunika kwa ngozi pale kwenye fataki, mtoto wa juzi wewe.

mwinda_kimya: Jamani swali langu hakuna hata mmoja aliyelijibu

mtu_wa_hesabu: Nimekujibu huko juu, aya nzima.

mwinda_kimya: Ile ndefu? Sijaisoma, nilikuwa namtafutia huyu dada jibu.

fundi_redio: Babu, ngozi ya mnyama gani?