Kijana wangu hataki tena kanisa: nimlazimishe?

BabaImani_Umoja
Wandugu hamjambo. Wazazi wenzangu, nishaurini bila kunionea haya.

Mimi ni mtu wa zamani, sijifichi. Kwangu halali mtu kabla ya sala ya saa tatu. Katiba yetu ya Kenya, kifungu cha 45, inaita familia msingi wa asili wa jamii, na hivyo ndivyo ninavyoishi.

Sasa kifungua mimba wangu, miaka 19, hajakanyaga kanisani tangu Juni 2024. Tarehe 25 alikuwa mjini kupinga Mswada wa Fedha. Akarudi usiku macho mekundu kwa vitoa machozi, mamake akamnawisha jikoni. Jumapili iliyofuata mheshimiwa mmoja akapewa maikrofoni kanisani kwetu, akatoa bahasha, tukapiga makofi. Hata mimi nilipiga. Kijana akasimama katikati ya ibada akatoka.

Jumamosi nilimpigia viatu rangi, nikaviweka mlangoni pake. Asubuhi vilikuwa palepale.

Kinachoniuma ni kwamba siwezi kumwambia amekosea. Lakini nikimwachilia, wadogo zake wawili wananitazama.

MamaTabitha
Pole baba. Kwangu anayekula chakula changu anaabudu nami. Wangu wanne nimewalea hivyo, hakuna aliyepotea.

MzeeWaJogooRoad
Mama Tabitha, heshima yako, lakini huyo ana kitambulisho. Ukimburuta atakaa kiti cha nyuma na simu.

Baba Imani, kijana hajamkataa Mungu, amekataa bahasha. Novemba 2024 Askofu Mkuu Anyolo wa Wakatoliki hapa Nairobi alikataa mamilioni ambayo Rais Ruto alitoa kwa kanisa la Soweto, mtaa wa hapa hapa Nairobi. Kwa hiyo msimamo huo si uasi, ni wa kanisa lenyewe. Na yale makofi, umewahi kumwambia ulikosea?

BabaImani_Umoja
Sijawahi. Babangu hakuniomba msamaha hata siku moja, sijui naanzia wapi.

MamaTabitha
Hapo Mzee amenishinda. Anzia kwenye sala ya saa tatu, hao wadogo wakisikia.

BabaImani_Umoja
Nimefanya jana. Hakusema kitu, ila amesoma zaburi, mara ya kwanza tangu mwaka ule. Kanisani bado. Sasa nataka kuandika barua wanasiasa wasipewe tena madhabahu. Nimpe mchungaji mkononi au nipitie wazee wa kanisa?

MzeeWaJogooRoad
Wazee kwanza, nakala kwa mchungaji. Na kijana atie sahihi pamoja nawe.