Nyimbo za filamu kwa bendi ya watu sita, Arusha: mnazipangaje zisipwaye?

Solo_Kijenge

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanamuziki na wapenzi wa muziki wa filamu.

Bendi yetu ina watu sita: solo, rithimu, besi, dramu, kinanda na saksafoni ya alto. Mwisho wa Juni tuna kazi kwenye hoteli moja hapa Arusha, nje bustanini, kuanzia saa mbili usiku. Mwenye shughuli anataka dakika 20 za muziki wa filamu mfululizo, bila kusimama. Tumechagua tano: ule wa mtoto wa tembo kutoka Hatari!, The Good, the Bad and the Ugly, Mission: Impossible, Eye of the Tiger, na mdundo wenyewe wa James Bond.

Noti tunazo. Kinachotushinda ni kwamba Bond kwenye gitaa unatoka mwembamba hata tukiongeza sauti. Mission nao, baa nane tu (baa ni fungu moja la mapigo) na dramu imesharudi kwenye mapigo manne. Halafu hatujui zifuatane vipi, maana kila wimbo una ufunguo wake, yaani noti unayoegemea. Muziki huu naupenda sana, sitaki uwe kelele ya kusindikizia chakula. Karibuni.

Mzee_wa_Nyuzi (Moshi)

Salama kijana. Nianze na Bond, kwa sababu ndio unaoharibiwa kuliko yote, na kinachouharibu ni mkono, wala si noti.

Rekodi ya mwaka 1962, ya filamu ya Dr. No, John Barry ndiye aliyeipanga kutokana na utunzi wa Monty Norman. Gitaa ni la Vic Flick. Lisikilize vizuri: linaanzia chini kabisa. Uzi wa sita, E ukiwa mtupu, F shapu freti ya pili (freti ni vile vyuma vya shingoni), G freti ya tatu. Wapiga solo wa dansi tumezoea kukaa juu, freti ya 12 na kuendelea, basi mtu anaupandisha oktavu nzima, hadi noti za majina yale yale zilizo juu, ili usikike. Wembamba wako unaanzia hapo. Rudi chini. Piga karibu na bridji (nyuzi zinapoishia kwenye mwili wa gitaa), mkono mzito, plekta (kipande cha kuchapia nyuzi) ya milimita moja au zaidi. Plekta laini inapinda kabla uzi haujatikisika sawasawa, unabaki na mlio wa kukwaruza.

Angalia na unene wa nyuzi. Kama umefunga seti ya 009 (unene wa uzi wa kwanza, yaani inchi 0.009), uzi wake wa sita ni 042. Ukiupiga kwa nguvu, kila noti inaanza juu kidogo ya mahali pake kisha inashuka, na msikilizaji anadhani gitaa halijatyuniwa. Funga 010 yenye uzi wa sita wa 052, au angalau 046. Ukishabadilisha unene, pima intonesheni upya: noti ya freti ya 12 iwe oktavu kamili ya uzi mtupu. Watu wengi wanairuka hatua hii, halafu wanalaumu gitaa.

Kwenye pedali weka rivabu ya springi (mvumo kama wa ukumbini) kama asilimia 30, mwangwi mmoja tu wa milisekunde 100 hadi 120 ukiwa chini ya sauti yenyewe, na distoshen (mkwaruzo wa sauti) karibu na sifuri. Amplifaya ikikwaruza kidogo unapopiga kwa nguvu, iache hivyo hivyo. Distoshen ya roki inaondoa ule ubaridi wa kutisha ambao ndio Bond mwenyewe.

Ile ngazi ya B, C, C shapu, kisha C tena, kila noti baa moja juu ya E maina (maina ni ufunguo wenye sauti ya huzuni), mpe mtu wa rithimu. Asijaze kodi nzima, yaani noti zote kwa pamoja. Apige noti mbili mbili kama sekondi solo ya bendi za Wanyika. Waanzilishi wao, ndugu wa akina Kinyonga, walikuwa na Arusha Jazz hapo hapo kwenu kabla ya kuhamia Kenya na kuwa Simba Wanyika, kwa hiyo kusuka magitaa mawili yasigongane ni elimu ya mji wenu. Itumieni.

Kodi ya mwisho, ile inayoning'inia, si E maina ya kawaida. Ni E, G, D shapu na F shapu: uzi wa tano freti ya 7, wa nne freti ya 5, wa tatu freti ya 8, wa pili freti ya 7. Uzi wa kwanza na wa sita usiviguse. Piga mara moja, acha ife yenyewe.

Dramu_Pasua

Mzee shikamoo. Naongezea ya Mission.

Lalo Schifrin aliuandika mwaka 1966 kwa ajili ya kipindi cha televisheni, mapigo matano kwa baa. Mkihesabu moja mpaka tano mtapotea, kwa sababu mkazo hauendi hivyo. Gawanyeni baa katika vipande kumi vidogo: vitatu, vitatu, viwili, viwili. Semeni kwa mdomo: m-to-ri, m-to-ri, nya-ma, nya-ma. Kila silabi kipande kimoja, na noti ya besi inaangukia silabi ya kwanza ya kila neno. Baa ya kwanza besi ni G, G, B flati, C. Ya pili ni G, G, F, F shapu. Basi, inazunguka.

Dramu inarudi kwenye nne kwa sababu ya sinea, ile ngoma yenye mlio mkavu. Mkono umezoea kuiweka kwenye pigo la pili na la nne, na ndani ya matano mkono huo unadai pigo moja zaidi au unameza moja. Iondoeni kwanza. Haihati (matoazi mawili ya mguu) ipige vipande vyote kumi, kiki (ngoma kubwa ya mguu) iende na besi kwenye "m" na "nya". Mkishatulia, sinea irudi kwenye "nyama" ya mwisho peke yake, nyepesi. Kama kuna mtu wa bongo (ngoma mbili ndogo za mkono) ni bora zaidi, maana rekodi ya mwanzo inazo.

Mazoezi: dakika tano za mdomo tu, watu wote sita, metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) ikiwa 80. Halafu besi na dramu peke yao. Ongezeni 10 kila mkimaliza baa 32 bila kosa. Mkikosea, rudini 10 nyuma, msianze upya kwa kasi ile ile. Sehemu ya hatari ni saksafoni inaposhika noti ndefu, kwa sababu mpiga dramu anaanza kuifuata melodi na kuiacha besi. Mwambieni asimame ambapo anaona mkono wa mtu wa besi.

Filamu ya 1996 ina toleo la Adam Clayton na Larry Mullen wa U2 ambalo sehemu kubwa ni mapigo manne. Mkiishiwa muda linaruhusiwa. Ila kwangu mimi Mission bila tano ni ugali bila mboga, na mwenye sikio atajua.

Kinanda_Majengo

Kaka Solo, kwenye The Good, the Bad and the Ugly msifanye kosa la kumpa mtu mmoja melodi yote. Ennio Morricone alichukua kile kilio kimoja, A D A D A, akakigawa kwa wahusika watatu: filimbi ni ya yule mwema, okarina (filimbi ndogo ya mviringo) ya yule mbaya, sauti za watu za yule wa tatu. Ukisikia tu unajua nani ametajwa. Mkipiga yote kwa saksafoni, hadithi imekufa.

Kwa vyombo vyenu: mara ya kwanza kinanda kwa sauti ya filimbi, ya pili kinanda kwa okarina, ya tatu bendi nzima kwa mdomo. Kwenye kinanda chenye orodha ya kawaida ya sauti 128, filimbi ni namba 74, mluzi 79, okarina 80. Baadhi ya vinanda vinaanza kuhesabu na sifuri, hapo punguzeni moja. Hifadhini sauti hizo kwenye vitufe vya kumbukumbu kabla ya shoo. Kutafuta namba jukwaani kunakula baa nzima, na umeme ukikatika na kurudi, vinanda vingine vinarudi kwenye piano. Jibu la F, G, D baada ya kile kilio mpeni saksafoni, kwa sauti ya kukwaruza.

Eye of the Tiger inataka kitu kimoja tu: kimya. Rithimu inakata C kwa mfululizo, ukingo wa kiganja ukiwa umelala juu ya nyuzi karibu na bridji. Kodi za C maina na B flati zinaanguka kama ngumi, za mwisho zinashukia A flati, na katikati ya ngumi hakuna kitu. Bendi za hapa tunaogopa kimya. Dramu inajaza, besi inatembea, kinanda kinashikilia kodi, na wimbo unageuka uji. Toa mguu kwenye pedali ya kushikilia, nyanyua vidole mara tu baada ya kugonga. Kasi ni mapigo 109 kwa dakika. Ikipanda mpaka 120 inakuwa mazoezi ya viungo.

Wapenzi wa bendi, jueni na hili: Sylvester Stallone alitaka kwanza wimbo wa Queen, bendi ya Freddie Mercury aliyezaliwa Unguja, akakosa ruhusa. Ndipo bendi ya Survivor wakaandika huu kwa ajili ya Rocky III, 1982.

Na mkono wa kushoto wa kinanda usishuke chini ya C ya pili. Huko ni kwa besi. Mkikaa wawili, spika za kukodi zinatoa mvumo tu.

Solo_Kijenge

Asanteni sana, mzee marahaba zangu kwako hazifai, basi shikamoo. Hiyo ya mtori tumeijaribu leo kwa mdomo na imeshika. Bado maswali mawili: Hatari! uchezwe vipi, na mfuatano. Na mpiga saksafoni anauliza funguo zake.

Saksa_Sakina

Funguo za alto kwanza. Bendi ikiwa F, yeye anasoma D. D maina anasoma B maina. G maina anasoma E maina. C maina anasoma A maina. E maina ya Bond kwake ni C shapu maina, shapu nne, kwa hiyo aanze mazoezi na huo.

Jambo ambalo hamjauliza ila litawaumiza: mwisho wa Juni, Arusha, nje, usiku. Baridi inashusha sauti ya saksafoni na inapandisha nyuzi za gitaa, kwa kuwa hewa ya ndani ya bomba imepoa na chuma cha nyuzi kimejikaza. Mnaachana kutoka pande mbili. Mtatyuni saa kumi jioni vizuri kabisa, na saa mbili usiku mtasikika kama bendi mbili. Mpiga saksafoni apulize dakika kumi kabla ya kupanda, asukume kipande cha kupulizia ndani zaidi kwenye koki ya shingo ya chombo, milimita 2 au 3, na chombo kisilale kwenye stendi wakati wa hotuba, akishike karibu na mwili. Magitaa yatyuniwe hapo hapo jukwaani, dakika za mwisho, wala si kwenye chumba chenye joto.

Sasa Hatari! Huu ni wa nyumbani, uwekeeni heshima. Filamu ya Howard Hawks, 1962, sehemu kubwa ilipigwa pande zenu za Arusha, Momella ikiwemo, na jina lake ni neno letu. Henry Mancini aliona tembo wale wadogo wakienda majini, akasikia hatua zao zikihesabu manane kwa baa, na hapo akakumbuka bugi-wugi ya piano. Kwa hiyo uti wa mgongo ni besi. Mtu wa besi na mkono wa kushoto wa kinanda wapige mchoro uleule, kavu, sawa kama miguu, oktavu moja mbali. Ndiyo mara pekee ambapo kinanda kinaruhusiwa kuisogelea besi, dada Kinanda anisamehe.

Melodi ya juu kwenye rekodi ina klarineti ndogo na kile kinanda cha mvuke cha maonyesho ya sarakasi. Alto ni nzito kwa kazi hiyo. Mpeni kinanda, sauti namba 73, pikolo, au 83, ambayo iliwekwa kuiga kinanda hicho cha mvuke. Saksafoni iingie mzunguko wa pili, chini, kama tembo mama. Kosa kubwa ni kasi. Wageni wakishaanza kutabasamu, bendi inakimbia. Mtoto wa tembo anatembea.

Mzee_wa_Nyuzi (Moshi)

Mfuatano si mgumu, funguo zenyewe zinawaelekeza. Anzeni Hatari! kwenye F, dakika tatu, halafu sebene ya dakika tatu juu ya F, B flati na C. Hiyo ndiyo sehemu pekee ningeweka sebene. Kwenye Bond au Morricone inabomoa. Besi ishuke F, E, D, mko kwenye D maina: The Good, the Bad and the Ugly, dakika tatu. D7 baa mbili, mnaingia G maina: Mission, tatu. G7 baa mbili, C maina: Eye of the Tiger, nne. Mwisho besi ikae C, iteremke nusu hadi B, B7 baa mbili, na gitaa lianze Bond peke yake. Bond nne. Jumla 20.

Mshabiki_Kaloleni

Kwa nini hakuna Live and Let Die ya Paul McCartney na Wings? Ya 1973, imejaa piano, mlipuko, na katikati reggae, bendi ndogo inaubeba vizuri. A View to a Kill ya Duran Duran, 1985, pia, wimbo wa kwanza wa Bond kushika namba moja Marekani.

Dramu_Pasua

Wings ni mzuri mno, ila unabadilisha kasi mara kadhaa, na kila badiliko linataka mtu wa kuongoza kwa mkono. Wiki tatu hazitoshi pamoja na Mission. Uwekeni akiba kwa kazi ijayo.

Solo, ile G7 kabla ya Eye of the Tiger ndiyo mtego wenu: mnatoka tano mnaingia nne. Besi na kinanda washike kodi bila mapigo, dramu inyamaze kabisa, halafu fimbo nne kwa kasi mpya ya 109. Rithimu aanze kukata C baada ya fimbo ya nne, wengine wasubiri ngumi ya kwanza.