RE: Audi RS2 ya 1994, ninunue au niache?

Kutoka Mannheim:

Habari zenu ndugu. Huku kwetu inauzwa Audi RS2 Avant ya 1994, ile rangi ya buluu. Nimelipenda gari hili tangu nikiwa mwanafunzi. Mke wangu ameridhia kwa sababu ni steshenwagoni, watoto na mizigo wataenea. Ila fundi wa mtaani kanitisha kuhusu vipuri. Wenye uzoefu nisaidieni kabla sijatoa arubuni.

Kutoka Stuttgart:

Kaka, salama? Arubuni usiitoe kabla hujafungua boneti ukasoma herufi za injini. RS2 halisi ina ADU. S2 Avant, ndugu yake wa tumbo moja, ina ABY, na ukilivisha rimu na bampa za RS2, kwa macho huwezi kulitambua. Mimi nilikaribia kulizwa hivyo. Muuzaji maneno matamu, breki zimeandikwa Porsche, bei ni ya RS2 kabisa, kumbe chini ya boneti kuna nguvu farasi 230 badala ya 315! Nilirudi nyumbani nimenywea.

Mimi nakaa karibu na Zuffenhausen, kilipo kiwanda cha Porsche, na gari hili ni la hapa. Bodi zilitoka kwa Audi, Ingolstadt, Porsche wakayaunganisha magari huku na kuyafunga breki, rimu na vioo vya pembeni vya kwao. Walipanga kutengeneza magari 2,200, hadi 1995 wakafika karibu 2,900. Kwa hiyo fundi wako hajakosea sana: vipuri vinavyoingiliana na Audi 80 utavipata, vile vya RS2 pekee utavisaka na utavilipia.

Mkanda wa taimingi, dai risiti ya kubadilishwa kwake. Neno la muuzaji halitoshi. Ukikatika barabarani, usitegemee injini kupona. Kama risiti hakuna, hesabu kwamba unaubadilisha wewe, pamoja na pampu ya maji, maana mkanda huohuo ndio unaoizungusha.

Likishatimiza miaka 30 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, unaweza kuomba namba ya magari ya kale, yenye H mwishoni, kodi ikawa yuro 191 kwa mwaka. Mkaguzi lazima aridhike kwamba gari limebaki katika hali yake ya asili, kwa hiyo angalia kama kuna mtu alilifungia tabo (turbo) kubwa zaidi. Tena bima za magari ya kale mara nyingi hutaka uwe na gari jingine la kila siku. Hili mlizungumze na shemeji mapema, kwa sababu yeye anahesabu gari la kupelekea watoto shule.

Kutoka Mannheim:

Ahsante sana kaka. Muuzaji amenitumia picha ya injini, ni ADU. Risiti ya mkanda anasema ipo, nitaishika mkononi kwanza. Shemeji yako amesema Passat yetu ya kila siku haiuzwi, na nimekubali. Naenda kuliona Jumamosi asubuhi. Ukipata nafasi, njoo tuliangalie pamoja, nauli juu yangu.