Eti "mshale ni mshale tu"!

Wakuu, naandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira, na jina lake silitaji kwa kuwa mnamjua: ni yule mzee wa visanduku, ambaye hata akiulizwa saa huchora mstatili kwanza. Leo ametuonyesha mchoro wa usanifu wa programu wenye visanduku vingi kuliko watumiaji wa mfumo wenyewe, vyote vya buluu isipokuwa kimoja cha rangi ya chungwa, ambacho kosa lake halikuelezwa. Nikauliza kwa adabu iwapo mshale unaotoka huduma ya malipo kwenda hifadhidata ya wateja unaonyesha data inakoelekea, au nani anamwita nani, au nani anamtegemea nani. Akajibu mbele ya kikao kizima: "Mshale ni mshale tu."

Mshale ni mshale tu! UML, lugha ya alama za kuchorea mifumo ya programu, imekuwa kiwango tangu mwaka 1997, na humo mshale wa mstari mzima una maana yake na wa mstari uliokatikakatika una yake. C4, mtindo wa Simon Brown wa kuchora usanifu wa programu, nayo imetenga ngazi nne, kuanzia muktadha hadi msimbo wa programu, lakini mzee wetu amewarundika mteja, seva na kitendakazi cha kukokotoa kodi kwenye karatasi moja. Wala sikudai UML. Nilitaka neno moja juu ya mstari, "husoma" au "hutuma". Eti mshale ni mshale tu!

Mchangiaji wa 2: Pole mkuu, ila mchoro wako wa mwezi uliopita haukuwa na mishale kabisa, kwa hiyo mwenzako amepiga hatua.

Mtoa mada: Ule ulikuwa rasimu.

Mchangiaji wa 3: Afadhali yenu. Mchoro wetu unaeleweka vizuri sana, isipokuwa unaeleza mfumo tuliouzima zamani, na kila mgeni hupoteza wiki nzima akitafuta foleni ya ujumbe ambayo haipo.

Mchangiaji wa 4: Ndiyo maana sisi huandika michoro kwa Mermaid, zana inayogeuza maandishi kuwa mchoro, ikakaa pamoja na msimbo na kukaguliwa pamoja nao.

Mchangiaji wa 5: Hiyo Mermaid jana nimeiongezea kisanduku kimoja, mchoro mzima ukapinduka.

Mchangiaji wa 6: Ninyi mnalilia mistari, ilhali kwetu aliyechagua hifadhidata alishaacha kazi bila kuandika hata aya moja ya sababu.

Mchangiaji wa 3: Hifadhidata gani hiyo? Nahisi naijua.

Mtoa mada: Jamani, na mshale wangu?

Mchangiaji wa 6: Mkuu, fungua uzi mwingine.