Kikundi cha ukoo: kikohozi cha Mjomba Idi na vumbi la msasa

JUMAPILI ASUBUHI

Mama Salma: Hamjambo ndugu zangu na wanangu. Naomba mnisaidie kuongea na Baba Salma. Jana kakohoa tena usiku kucha. Mchana alikuwa mzima, kashinda karakanani na lile sanduku lake la mvule, jioni kaoga kalala. Usiku wa manane ndipo kifua kikaanza kupiga filimbi.

Bakari: Pole mama. Pole mjomba. Si baridi ya usiku hiyo?

Mjomba Idi: Nipo, sijambo. Mafua tu haya, yatapita.

Rehema: Shikamoo mjomba, shikamoo mama. Mjomba, naomba nikuulize kama ninavyowauliza wagonjwa kliniki, unijibu hapa hapa. Siku ambazo hugusi mbao unakohoa?

Mjomba Idi: Marahaba mpwa wangu. Siku za ofisini sikohoi. Labda Jumatatu kidogo.

Rehema: Na ulipokuwa kwenye ile semina?

Mjomba Idi: Nililala vizuri kabisa.

Rehema: Pua na macho je?

Mjomba Idi: Nikipiga msasa pua inaziba, macho yanawasha. Nikitoka nje yanatulia.

Mama Salma: Mwambie na vipele. Ana vipele kwenye viwiko kwa ndani na shingoni, tangu alipoanza ule mvule.

Rehema: Basi mjomba, sitaki kuita hili mafua. Sikiliza.

Kuna pumu inayoletwa na vumbi la mbao, na ina tabia moja inayowapoteza watu wengi: mara nyingi haiji ukiwa kazini. Inakuja saa kadhaa baadaye, jioni au katikati ya usiku, wakati vumbi umeshalioga na umeshalisahau. Mtu analaumu baridi, analaumu mto, analaumu feni. Seremala wa kiwandani tunamgundua kwa kumuuliza, "Siku za mapumziko unapata nafuu?" Wewe ni kinyume chake. Mapumziko yako ndiyo kazi yako ya mbao, kwa hiyo unaugua Jumamosi usiku na Jumapili, ikifika katikati ya wiki umepona. Ukienda hospitali Alhamisi, daktari anasikiliza kifua kisafi. Usipomwambia una karakana nyumbani, hatajua.

Mjomba Daudi: Rehema mwanangu, nakuheshimu kwa kazi yako. Lakini mimi nimekula vumbi la mbao tangu ujana na kifua changu kizima. Wenzangu wengi pia wazima. Mvule tumeupasua sana.

Rehema: Shikamoo mjomba Daudi. Ni kweli, haimpati kila mtu. Mti uliochunguzwa kuliko yote kwa pumu ni mwerezi mwekundu wa Amerika Kaskazini. Una asidi iitwayo plikati, na kati ya wafanyakazi wanaoupasua, kama 5 katika kila 100 wanapata pumu. Wengine 95 wanaendelea na kazi, na hao ndio wanaobaki kusimulia kwamba vumbi halina neno. Waliougua wameshaacha ufundi, huwaoni tena kwenye benchi.

Mjomba Daudi: Hilo la kuacha ufundi ni kweli. Nawajua wawili. Mmoja mpingo ulimtoa ngozi ya mikono, mwingine alikuwa hawezi kukaa karibu na mninga ukipasuliwa.

Rehema: Hao hasa. Mvule, mninga, mpingo, mtiki, yote ina kemikali ambazo mti umejiwekea ili usiliwe na wadudu wala kuoza. Ndiyo sababu tunaipenda mbao hizo. Kemikali hizo hizo ndizo zinazochokoza ngozi na mapafu. Na aleji haianzi siku ya kwanza. Mwili unaweza kukaa na vumbi miezi au miaka bila kulalamika, halafu siku moja unalikataa. Ukishalikataa, vumbi kidogo tu linatosha kuuchokoza, na hali hiyo kwa kawaida hairudi nyuma.

Salma: Kwa hiyo baba akiendelea itakuwaje?

Rehema: Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Wale wa mwerezi walifuatiliwa baada ya kuacha kazi. Zaidi ya nusu waliendelea kuwa na pumu hata baada ya kuachana na vumbi. Waliopona vizuri ni wale waliogunduliwa mapema, mapafu yakiwa bado hayajaharibika. Mjomba bado yuko mapema. Ndiyo maana nakazana.

Mjomba Idi: Mimi sitaki kuacha mbao, Rehema. Nakwambia kabisa. Ile karakana ndiyo inayonipumzisha.

Rehema: Sijasema uache, mjomba wangu. Nataka ufike umri wa babu ukiwa bado unapiga randa.

Bakari: Avae barakoa basi. Zile za hospitali tunazo boksi zima hapa.

Rehema: Za hospitali hapana, Bakari. Zile zimetengenezwa kuzuia mate, hazibani pembeni. Hewa inapita shavuni na vumbi linapita nayo. Anahitaji ya kuchuja vumbi, iliyoandikwa N95 au FFP2, na FFP3 ni bora zaidi. Iwe na mikanda miwili, mmoja juu ya masikio na mwingine chini, na kile chuma cha puani akiminye kifuate pua. Akivaa apulize kwa nguvu. Akihisi upepo machoni, haijabana.

Mama Salma: Na ndevu zake?

Rehema: Ndevu zinaharibu kila kitu hapo. Barakoa inabana ngozi, haiwezi kubana nywele. Kama hazinyoi, kuna kofia zenye kioo na feni ndogo ya betri. Feni inavuta hewa, inaichuja, inaisukuma usoni. Hizo hazihitaji kubana. Ni ghali, lakini kwa mwenye ndevu ndizo zinazofaa.

Mjomba Idi: Vumbi lenyewe si jingi hivyo jamani. Nafagia kila nikimaliza. Sakafu inang'aa.

Rehema: Mjomba, ninaloliogopa mimi si lile la sakafuni. Leo ukipiga msasa, jioni giza likiingia, Salma afanye hivi: azime taa zote za karakana, aiweke tochi yenye mwanga mkali upande mmoja mezani, yeye asimame upande wa pili pembeni kidogo, atazame kuelekea kwenye mwanga. Wakaguzi wa afya kazini wanatumia njia hiyo hiyo. Halafu aniambie.

JUMAPILI USIKU

Salma: Da Rehema. Baba kazima mashine ya msasa saa kumi na moja jioni, kafagia, kafunga mlango. Nimeingia saa moja na nusu. Mchana nilipopita hewa ilikuwa safi, huoni kitu. Nimewasha tochi, chumba kizima kimejaa chembe zinaelea. Nimenyanyua mkono tu zote zikasogea. Nimetoka nikafunga mlango.

Mjomba Idi: Nimeingia nimeona mwenyewe.

Mama Salma: Na zile nguo zake nakung'uta mimi kila wiki. Ndiyo maana huwa napiga chafya mpaka machozi yanatoka!

Rehema: Mama, usizikung'ute tena. Azivue hukohuko karakanani, ziende moja kwa moja kwenye maji.

Mjomba, hizo chembe ulizoziona kwenye tochi ndizo zile nyembamba, kubwa zimeshaanguka sakafuni. Unywele wa binadamu una unene wa maikroni 70 hivi, na maikroni 1,000 ndizo milimita moja. Chembe chini ya maikroni 10 zinapita koo na kuingia kifuani, na zilizo chini ya 4 zinafika mwisho wa mapafu. Bila mwanga mkali kama ule macho hayazioni.

Na haihitajiki nyingi. Umoja wa Ulaya tangu 2023 umeweka kiwango cha juu kazini cha miligramu 2 za vumbi la mbao ngumu katika kila mita ya ujazo ya hewa, wastani wa saa 8. Karakana yako ina upana wa mita 3, urefu 4, kimo 2.5, yaani mita za ujazo 30. Miligramu 60 zikielea humo, umeshafika kikomo. Chukua kidonge cha parasetamoli cha miligramu 500, kigawe vipande 8, usage kimoja. Hicho ndicho kiasi chote. Na mtu mwenye aleji anaweza kuumwa hata chini ya kiwango hicho.

Bakari: Duh.

Mjomba Daudi: Haya, hapo umenishika. Sasa niachieni mimi sehemu ya ufundi. Idi, soma yote usiruke.

Kwanza acha kufagia vumbi kavu. Ukifagia unalirudisha hewani lile lililokuwa limetulia. Na kompresa usijipulizie nguo nayo kamwe. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, au tumia kifyonza vumbi chenye chujio la HEPA. Kifyonza cha kawaida cha nyumbani kinashika maranda, lile jembamba kinalitema nyuma.

Pili, vumbi likamatwe pale linapozaliwa. Mashine yako ya msasa ina mdomo wa nyuma, umeuwekea kile kifuko cha kitambaa. Kitoe. Unganisha bomba la kifyonza hapo hapo. Tumia msasa wenye matundu, na matundu ya msasa yalingane na ya sahani ya mashine, la sivyo hakuna kinachovutwa. Washa kifyonza kabla ya mashine, na ukizima mashine kiache kifyonza kiendelee kidogo.

Tatu, kazi ya msasa na msumeno ihamie nje kila inapowezekana. Ila usiupe upepo mgongo. Wengi hudhani ndiyo vizuri, kumbe mwili wako unakata upepo na mbele yako hewa inazunguka, vumbi linarudi usoni. Upepo ukupige ubavuni.

Nne, na hili ndilo ninalolipenda: punguza msasa wenyewe. Wewe una randa nzuri lakini unakimbilia mashine. Noa randa yako mpaka inyoe nywele za mkono, umalizie kwa kile kibati cha kukwangua. Randa inatoa maranda, yanaanguka miguuni. Msasa unatoa unga unaoelea. Mvule ukikwanguliwa vizuri unatoka laini, na mistari ya mbao inaonekana wazi.

Mjomba Idi: Kibati ninacho, makali yake sijui kuyatengeneza.

Mjomba Daudi: Nitakuonyesha.

Salma: Na zile mbao za MDF za kabati la jikoni, zile za nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi? Zile si mti wa asili.

Rehema: Zile vumbi lake ni jembamba sana, na gundi yake mara nyingi ina fomaldehaidi, ambayo ni miongoni mwa visababishi vya saratani. Tahadhari zile zile, bila kupunguza.

Mjomba Daudi: Na mbao za kuokota, angalieni. Paleti zina muhuri: HT maana yake zimepashwa joto, hizo sawa. MB zimefukizwa kwa sumu ya gesi, msizitumie. Mbao kuukuu zenye rangi ya kijani ya dawa ya mchwa, nyingine zina aseniki, ambayo ni sumu. Zenye ukungu pia ziacheni. Ule ukungu nao unadhuru mapafu.

Mama Salma: Rehema, umetaja saratani. Na vumbi la mti wenyewe?

Rehema: Ndiyo mama, sitakuficha. Miaka ya 1960 kule Uingereza, eneo la High Wycombe ambako watu walikuwa mafundi viti kwa vizazi, daktari wa pua na koo Esmé Hadfield na wenzake waliona aina ya saratani ya pua iliyo adimu sana kwingine ikiwapata mafundi wale. Mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani la IARC likaliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Wale walikuwa viwandani kutwa, miaka na miaka. Mjomba hayuko kwenye hatari ya kiasi kile. Lakini pua ikiziba upande mmoja tu na isizibuke, au ikitoa damu mara kwa mara, asisubiri.

Mjomba Idi: Pua yangu inaziba zote mbili.

Rehema: Hiyo ni aleji zaidi. Alhamdulillahi.

Sasa mpango wako, mjomba. Wiki hii nenda kliniki ya kifua, useme waziwazi: nafanya kazi za mbao, mvule, kikohozi huja usiku baada ya kazi. Omba kipimo cha kupuliza cha nyumbani, kile kifaa kidogo cha kupima nguvu ya pumzi. Puliza asubuhi, mchana, jioni na kabla ya kulala, mara tatu tatu, uandike ile kubwa. Andika na siku ulizoingia karakanani na mbao uliyoshika. Namba zikishuka kwa asilimia 20 au zaidi siku za mbao, daktari ana ushahidi mkononi. Wakikupa inhela itumie walivyokuelekeza, lakini isiwe leseni ya kurudi kwenye vumbi. Inhela inatuliza mapafu, chanzo haikiondoi.

Na mama, akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikabadilika rangi, usiniandikie mimi. Hospitali moja kwa moja.

Mama Salma: Nimeelewa mwanangu. Mungu akuzidishie.

Mjomba Idi: Sanduku la mvule nalisimamisha mpaka nionane na daktari. Nitafunika kwa turubai.

Mjomba Daudi: Likibaki kupakwa vanishi na kukwanguliwa nitakumalizia mimi kwangu, nje. Na mimi barakoa nitavaa, Rehema asije akanigeukia.

Rehema: Nilikuwa naandika hivyo hivyo mjomba!

Salma: Baba, mdomo wa mashine yako nimeupima: milimita 35 kwa nje.

Mjomba Daudi: Bomba langu ni 38 kwa ndani. Nakuja Jumamosi na kiunganishi cha mpira na klipu. Salma, nitafutie bisibisi ya bapa.