Spika za mwaka 1978: sponji ya ukingo imeoza, je, ninunue spika mpya za besi?

Muulizaji (Kizota, Dodoma)
Ndugu zangu, nawasalimu. Marehemu baba aliniachia spika mbili za kusimama sakafuni zilizotengenezwa Uingereza mwaka 1978. Maboksi ni mazima na koni za besi, za inchi 8, hazijachanika, lakini sponji inayoshikanisha koni na fremu ilibomoka na kuwa unga wa kunata mara tu nilipoigusa. Fundi mmoja amenishauri nizitupe spika hizo za besi na kufunga mpya, nami moyo unakataa. Je, naweza kuzitengeneza nyumbani bila kuharibu sauti aliyoipenda mzee?

Mchangiaji wa Kondoa
Mungu amrehemu mzee wako. Tafadhali usizitupe. Sponji ya aina hiyo huoza kwa umri hata spika isipopigwa, ilhali koni, koili (waya uliozungushwa unaosukuma koni) na sumaku huweza kudumu miaka mingi zaidi. Ukifunga spika ya besi ya aina nyingine utapoteza sauti unayoitafuta, kwa kuwa ukubwa wa boksi na krosova (sakiti inayogawa sauti za besi na za juu) vilipangwa kwa ajili ya ile ya awali.

Anza kwa kupima koili kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme): spika ya omu 8 kwa kawaida husoma kati ya 5.5 na 7, na isiposoma chochote, koili au waya wake umekatika. Unapoagiza ukingo mpya, usitaje inchi 8 peke yake, bali pima kwa milimita kipenyo cha koni na cha sehemu ya fremu inayopakwa gundi, kwa sababu mimi niliwahi kuagiza kwa inchi nikaletewa usioingia. Kwangua gundi ya zamani taratibu kwa spiriti kidogo, bila kulowanisha koni ya karatasi. Gandisha kwanza upande wa koni, uache ukauke kabisa, ndipo uende kwenye fremu. Hapo ndipo penye kazi yenyewe, maana koili inapaswa kukaa katikati ya sumaku bila kugusa popote. Usitumie gundi inayokauka papo hapo, kwani haikupi nafasi ya kurekebisha.

Mchangiaji wa Singida
Naongeza jambo moja. Kapasita za elektroliti (vifaa vidogo vinavyohifadhi chaji ya umeme) zilizomo kwenye krosova hubadilika thamani kadiri zinavyozeeka, hivyo zipime pia. Mbadala uwe na maikrofaradi zilezile, volti zisizopungua, na uwe wa aina isiyo na chanya wala hasi. Fanyia kazi hii ndani, madirisha yakiwa yamefungwa, kwa sababu upepo wetu wa kiangazi hubeba vumbi, na chembe moja ikiingia kwenye upenyo wa sumaku itakwaruza daima.

Muulizaji
Nashukuru sana. Nimepima nikapata omu 6.2 na 6.4. Hata hivyo, nikisukuma koni moja kwa vidole nasikia mkwaruzo upande wa chini. Je, koili imeharibika?

Mchangiaji wa Kondoa
La, si lazima. Koni isiyo na ukingo huinama kwa uzito wake. Ilaze spika sumaku ikiwa chini, kisha sukuma kwa vidole vya mikono yote miwili, pande zote kwa usawa. Mkwaruzo ukitoweka, koili ni nzima na unaweza kuagiza ukingo.