Msaada: mistari inapita mbio kwenye dirisha jeusi, nashindwa kuona makosa

Kijana_wa_Masasi:
Wakuu, habari za humu. Niko Masasi, msimu wa korosho umechanganya. Kila baada ya mnada napokea orodha za wakulima kutoka AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) mbalimbali, naziendesha kwenye kiprogramu kinachotengeneza faili la malipo la benki. Hakina vitufe wala menyu, ni maandishi tu. Kinamwaga maelfu ya mistari, na majina yaliyokataliwa yanapotelea juu. Nimejaribu `malipo.exe orodha.csv > ripoti.txt`: skrini ikanyamaza, ila mistari ya makosa ikabaki hapo hapo na kwenye faili haimo. Kuna programu ya kunipangia haya, yenye dirisha na sehemu ya kutafuta? Natumia Windows 10.

Mzee wa Terminal:
Mkuu, hiyo ni kawaida. Programu ina njia mbili za kutolea maneno: ya matokeo na ya makosa. Alama `>` inakamata ya kwanza tu. Ukiongeza `2>&1` mwishoni, zote zinaingia faili moja.

binti_mikindani:
Sawa, lakini hapo ataangalia skrini tupu asijue kama kazi inaenda au imekwama. Fungua PowerShell (dirisha jingine la kuandikia amri, limo humo humo kwenye Windows), andika hivi:

`cmd /c "malipo.exe orodha.csv 2>&1" | Tee-Object ripoti.txt`

Unaona kwenye skrini na faili linaandikwa papo hapo. Hiyo `cmd /c` usiiruke, maana PowerShell ya Windows 10 ikipokea makosa yenyewe inayazungushia maneno yake mekundu, utachoka kusoma.

Nahodha254:
Pakua tu programu ya kusomea logi (ripoti ndefu kama hizo), zimejaa mtandaoni.

binti_mikindani:
Na majina na namba za akaunti za watu aziweke kwenye programu asiyoijua? Hapana bwana. Dirisha analotaka analo tayari:

`Select-String KOSA ripoti.txt | Out-GridView`

Linafunguka jedwali lenye kisanduku cha kuchujia juu. Weka jina la kijiji, inabaki mistari ya kijiji hicho. Hapo kwenye KOSA weka neno ambalo programu yako inatumia. Usitumie `findstr`, ile amri ya zamani ya kutafuta maneno: faili la Tee-Object liko kwenye UTF-16 (namna ya kuhifadhi herufi ambayo haiisomi vizuri), itakuambia hakuna kitu wakati vipo.

Mzee wa Terminal:
Hiyo ya Out-GridView nimeipenda.

Kijana_wa_Masasi:
Dada, ubarikiwe. Nimechuja, karibu makosa yote ni "akaunti fupi". Namba zinazoanza na sifuri zimekatwa sifuri!

binti_mikindani:
Basi kuna mtu anafungua hiyo orodha ya CSV kwenye Excel na kuihifadhi kabla haijakufikia; Excel inaichukua akaunti kama namba ya hesabu, inakata sifuri ya mwanzo. Wakitaka kuiangalia, waiingize kupitia menyu ya Data na safu ya akaunti waipe aina ya Text. Au waifungue kwa Notepad tu.

Nahodha254:
Bei ya mnada wa juzi ilikuwaje huko?